Vermont wanachora upya mipaka ya wilaya za shule: mnaoishi huku mmeisoma hiyo Sheria namba 73?

Kijana wa Usangi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu.

Mnaonifahamu humu mnajua naendesha basi la shule Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Mwezi uliopita, Novemba 2025, kikosi kazi kilichopewa na hiyo Sheria namba 73 kazi ya kuchora ramani mpya ya wilaya za shule za jimbo zima kilitoka na jibu ambalo gavana hakulitaka: hatuchori. Tangu siku hiyo kila unapoingia kununua kahawa unakuta watu wanabishana. Nimeuleta mjadala hapa kwa sababu Waswahili wa Burlington na Winooski tuko wengi, watoto wetu wamo kwenye shule hizi, na kwenye mikutano ya bodi hatuonekani.

Kwa walio nyumbani, nianze na jinsi mambo yanavyokwenda. Shule za huku haziendeshwi na wizara, wala haziko chini ya halmashauri. Wilaya ya shule ni mamlaka inayojitegemea. Ina bodi yake ya kuchaguliwa, ina bajeti yake, na wakazi wake wanaipigia kura bajeti hiyo kila mwaka, wengi wao Jumanne ya kwanza ya Machi. Wakiikataa, bodi inarudi kukata mpaka ikubalike. Vermont nzima ina watu laki sita na nusu hivi, yaani nusu ya Temeke, na watu hao wana wilaya za shule 119. Wanafunzi walikuwa zaidi ya laki moja katikati ya miaka ya 1990, sasa ni kama elfu themanini na kitu. Majengo ni yaleyale, na mengi yanavuja, kwa sababu jimbo lilisimamisha kusaidia ujenzi wa shule tangu 2007.

Huu ugomvi haukuanza leo. Mwaka 1892 Bunge la jimbo lilifuta vile viwilaya vya kila kitongoji na kuzikabidhi shule kwa miji. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Vermont, katika kesi ya Brigham, ikasema si halali mtoto wa mji maskini apate elimu hafifu eti kwa sababu mji wao hauna nyumba za bei mbaya za kutoza kodi. Bunge likajibu mwaka huohuo kwa Sheria namba 60: kodi ya elimu iwe ya jimbo zima. Miji ya watelezaji wa theluji ikakasirika. Killington mwaka 2004 walipiga kura kabisa kwamba wajitoe Vermont wahamie New Hampshire, japo hawapakani nayo! Haikufika popote, lakini mnaona hasira ilivyokuwa.

Mwaka 2015 ikaja Sheria namba 46, iliyowataka watu waungane kufikia wilaya za angalau wanafunzi 900. Walioungana mapema walipunguziwa kodi, waliogoma waliunganishwa kwa nguvu na Bodi ya Elimu ya jimbo mwaka 2018. Kesi zikafunguliwa, miji ikashindwa. Ndipo tukafika kwenye hizo 119.

Sasa hii ya juzi. Machi 2024 karibu theluthi moja ya bajeti za shule zilipigwa chini kwenye kura. Kodi ya elimu mwaka ule ilipanda kwa wastani wa asilimia 13.8. Gavana Phil Scott, Republican, akaukatalia muswada wa kodi, Democrats wakalipindua katazo lake bungeni, na Novemba wapiga kura wakawaadhibu: wakapoteza ule wingi uliokuwa unawawezesha kupindua makatazo yake. Januari 2025 gavana akaja na pendekezo la kufuta zote na kubaki na wilaya tano. Tano! Bunge likavutana mpaka Juni, na Julai 1, 2025 ikasainiwa Sheria namba 73.

Sheria yenyewe haina ramani ndani yake, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Inasema wilaya mpya ziwe na wanafunzi kati ya 4,000 na 8,000 hivi, kadiri inavyowezekana. Ikaunda kikosi kazi cha watu 11 kilete ramani zisizozidi tatu kabla ya Desemba 1. Ikaweka utaratibu mpya wa fedha wa kuanzia Julai 2028: kila mwanafunzi dola 15,033 za msingi kutoka jimboni, wenye mahitaji zaidi wanaongezewa, na wilaya ikitaka kutumia zaidi inaruhusiwa nyongeza kidogo yenye ukomo. Na ikaweka wastani wa chini wa wanafunzi darasani: 10 darasa la kwanza, 12 kuanzia la pili hadi la tano, 15 la sita hadi la nane, 18 sekondari ya juu. Shule zilizojitenga mno kijiografia zina njia ya kuomba zisibanwe na viwango hivyo.

Kikosi kazi kilipomaliza kusikiliza watu, kikasema tusilazimishe. Kikapendekeza wilaya zishirikiane kikanda kwenye huduma kama elimu maalumu na manunuzi, na wanaotaka kuungana waungane kwa hiari. Gavana amesema wameshindwa kazi waliyopewa. Bunge linarudi Januari.

Mimi msimamo wangu ni huu, nipingeni. Ramani peke yake haiokoi hata dola mia. Kinachookoa fedha ni kufunga shule na kupunguza walimu. Ramani inachofanya ni kuamua kura za nani zitahesabiwa siku ya kufunga shule. Hilo ndilo gavana hataki kulisema waziwazi, na bodi za vijijini nazo hazitaki kusema kwamba darasa la watoto sita haliwezi kuendelea milele.

---

Ngoma ya Mganda

Nimeweka kiti, nasubiri wajuvi. Ila hiyo dola 15,033 kwa mtoto mmoja nimeisoma mara mbili. Shule ya msingi hapa ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka.

---

Kijana wa Usangi

Mkuu usilinganishe moja kwa moja. Hiyo ya kwenu haina mshahara wa mwalimu ndani yake, mwalimu analipwa na serikali kuu. Huku dola 15,033 inabeba mwalimu, bima yake, mpaka mafuta ya kupashia joto jengo miezi saba. Ni hela nyingi bado, sikatai.

---

Mhasibu wa Kitaa

OP (mwanzisha uzi) umesema ramani haiokoi fedha. Fafanua. Ukiwa na wilaya 119 una wakurugenzi wangapi, wahasibu wangapi, ofisi ngapi? Ukizifanya 15 si umepunguza mishahara ya wakubwa?

---

Kijana wa Usangi

Swali zuri. Kwanza si wilaya 119 na wakurugenzi 119. Wilaya ndogo zimekusanywa chini ya ofisi za pamoja, na ofisi hizo ni 52. Kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokifikiria ilishafanyika zamani.

Pili, mishahara ya walimu. Ukiunganisha wilaya tatu, kila moja ilikuwa na mkataba wake na chama cha walimu. Mwalimu wa mji wa kati analipwa vizuri, wa kijijini analipwa kidogo. Mkiwa mwajiri mmoja mtakaa na mkataba mmoja. Umeshawahi kuona wapi chama cha wafanyakazi kikakubali walipwao vizuri washushwe wafanane na wenzao? Wote wanapandishwa juu. Hapo akiba ya mkurugenzi mmoja imeshaliwa.

Tatu, vinavyopandisha gharama havijali mpaka. Bima ya afya ya wafanyakazi wa shule imekuwa ikipanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Fedha za Covid kutoka Washington zimekwisha, na watu walioajiriwa kwa hela hizo bado wanahitajika. Hayo yote utayakuta kesho hata ukiwa na wilaya moja.

Halafu kodi yenyewe inachanganya watu. Fedha zote za elimu zinaingia mfuko mmoja wa jimbo. Kila wilaya inapitisha bajeti yake halafu inalipwa kutoka humo. Kiwango chenu cha kodi kinategemea mnatumia kiasi gani kwa kila mwanafunzi, lakini mahali pa kuanzia panapangwa kwa jumla ya matumizi ya jimbo zima. Ndiyo maana bodi yenu inaweza kubana mpaka kwenye karatasi za kudurufu na bado bili ikaja imepanda. Mwenye kipato cha kati au cha chini anapunguziwa kulingana na kipato, ila bili inakuja na tarakimu kubwa inayomtisha mtu kabla hajafika kwenye mstari wa punguzo.

---

Mwalimu Mstaafu

Kijana, nimefundisha miaka mingi, nimestaafu, niko kwa binti yangu New Hampshire. Nimekuelewa kwenye fedha. Lakini umeliruka la elimu yenyewe. Shule ya sekondari yenye wanafunzi 120 haiwezi kumpa mtoto fizikia ya maana, lugha ya pili, wala kwaya. Nimeona mtoto anasoma hesabu za juu kwenye kompyuta peke yake korido, mwalimu wa somo hayupo. Hapo mnaweza kulilia mila za kijiji mpaka lini?

---

Kijana wa Usangi

Shikamoo Mwalimu. Kwenye sekondari nakuunga mkono bila kupinga. Hata kile kikosi kazi kimetaja sekondari za kikanda. Tatizo langu ni shule za msingi, na ni kwa sababu ya kazi yangu.

Vermont zaidi ya nusu ya barabara ni za udongo. Machi na Aprili theluji ikiyeyuka, udongo wa juu unakuwa uji na chini bado barafu, maji hayana pa kwenda. Basi la tani kadhaa likiingia kwenye makorongo yale halitoki. Wiki hizo kuna vilima hatupandi kabisa. Mzazi anamleta mtoto mpaka kwenye lami kwa gari lake la magurudumu manne, wanasubiri pale injini inaunguruma, mtoto wa miaka sita amebeba mabuti ya shule mkononi kwa sababu ya miguuni yameshajaa tope. Sasa chukua ramani, chora wilaya ya wanafunzi 6,000 katika Ufalme wa Kaskazini Mashariki (hivyo ndivyo wanavyoziita zile kaunti tatu za juu: Orleans, Essex na Caledonia). Ili upate watoto 6,000 inabidi uzoe sehemu kubwa ya eneo lile. Ukiwa Montpelier, makao makuu ya jimbo, ofisini inaonekana ni rangi moja nzuri kwenye karatasi.

---

Ngoma ya Mganda

Sisi tunahangaika kuongeza shule shikizi ili watoto wasitembee mbali na kukatiza mito, wenzetu wanahangaika kuzifunga. Zile fedha za UVIKO-19 za 2021 madarasa elfu tatu yalikwenda shikizi tu. Dunia hii.

---

Mhasibu wa Kitaa

Wao wanapungukiwa watoto, sisi wanatuzidi. Hesabu tofauti mkuu.

---

Binti Uvira

Habari zenu wote. Mimi niko Winooski, nimetoka Nyarugusu. Nina watoto wawili shuleni hapa. Asante kwa kuleta hii mada, maana barua zinakuja nyumbani ni za kurasa nyingi.

Swali langu ni moja. Winooski ni mji mdogo sana, kama maili moja na nusu ya mraba. Shule ni moja, watoto wa chekechea mpaka wa kumaliza sekondari wako pale pale. Mtoto wangu mkubwa alivyofika hakujua Kiingereza hata kidogo, lakini walimu wa lugha walikuwepo, na mtu wa kutupigia simu kwa Kiswahili yupo. Akiugua nampigia, naongea lugha yangu. Tukiunganishwa na miji mingine, huyo mtu anabaki?

---

Kijana wa Usangi

Dada karibu sana. Swali lako lina majibu mawili na hayafanani.

Kwa fedha, mtoto anayejifunza Kiingereza anahesabiwa zaidi ya mtoto mmoja. Mwaka 2022 Bunge lilipandisha uzito huo, na Winooski ilikuwa kati ya zilizopiga kelele mpaka ikafanyika. Utaratibu mpya wa Sheria 73 nao una nyongeza kwa watoto hao. Kwa hiyo fedha inamfuata mtoto.

Kwa maamuzi ni habari nyingine. Leo bodi yenu inachaguliwa na watu wa Winooski. Watoto wengi darasani ni wa wageni, kwa hiyo mgombea wa bodi anajua hawezi kupuuza mkalimani. Mkiingia kwenye wilaya ya wanafunzi elfu tano, ninyi mtakuwa sehemu ndogo tu, na mkalimani wa Kiswahili atakuwa mstari mmoja kwenye bajeti ambayo wengi wanaoipigia kura hawajawahi kumhitaji. Sisemi watamwondoa. Nasema atakayeamua amebadilika.

---

Binti Uvira

Na kura? Mimi sina uraia bado, nina kadi ya kijani. Mwaka jana nilipiga kura ya bajeti ya shule.

---

Kijana wa Usangi

Hilo ndilo nililotaka mtu aulize. Haki yako ya kupiga kura imo kwenye katiba ya mji wa Winooski. Bunge lilipitisha mwaka 2021, gavana akakataa, Bunge likalipindua katazo lake: mkazi halali asiye raia anapiga kura za mji na za shule. Montpelier nao walipata mwaka huohuo, wao ni kwa mambo ya mji. Burlington walifuata 2023. Miji mingine mingi inayowazunguka haina kitu hicho.

Sasa wilaya ya shule ya Winooski ikifutwa ikazaliwa kubwa yenye miji minne au mitano, bodi ya wilaya hiyo si ya mji tena. Nani atapiga kura? Bunge lisipoandika chochote, mimi naona kanuni ya kawaida ya jimbo ndiyo itatawala, na kanuni ya kawaida inadai uraia. Sijasikia mbunge hata mmoja akilisema hili kwenye mikutano niliyohudhuria. Watu wanapigania jengo lao na jina la timu yao ya mpira wa kikapu, sisi wenye kadi za kijani tunaweza kupotea katikati ya mistari bila mtu kukusudia.

---

Chuma cha Tanga

Aisee. Kumbe mpaka unaweza kukunyang'anya kura bila mtu kukugusa.

---

Dereva wa Memphis

Wakuu salama. Mimi niko Tennessee, naendesha malori. Nyie mnaongea kuunganisha, huku tuliona sinema yote: kuunganisha na kuvunja ndani ya miaka michache.

Desemba 2010 bodi ya shule za jiji la Memphis ilipiga kura kujifuta yenyewe. Kusudi lao lilikuwa hivi: jiji likijifuta, kaunti ya Shelby inalazimika kuzichukua shule zote, na watu wa vitongoji vyenye pesa wasiweze kujitenga na kodi zao. Machi 2011 wananchi wa jiji wakaridhia. Bunge la jimbo lilikuwa limeshapitisha sheria haraka Februari, iliyochelewesha kuungana mpaka 2013 na ndani yake ikafungua mlango wa vitongoji kuunda wilaya zao. Waliungana Julai 2013. Mwaka 2014 vitongoji sita vikajitoa kwa mpigo: Germantown, Collierville, Bartlett, Arlington, Lakeland na Millington. Mwaka mmoja tu!

Na kituko: ndani ya Germantown zilibaki shule tatu zenye jina la Germantown zinazoendeshwa na wilaya kubwa, kwa sababu watoto wengi waliokuwa wakisoma humo walitoka nje ya mji. Mwaka 2022 Bunge likatunga sheria nyingine kuilazimisha wilaya ya kaunti iziachie. Ukitaka kujua huku mpaka ni nini, tazama nani anahangaika kuuchora na nani anaachwa upande wa pili.

---

Mwalimu Mstaafu

Kwa wasiojua, chimbuko la hayo ni Detroit. Kesi ya Milliken ya 1974: Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilisema huwezi kulazimisha vitongoji vya wazungu vichanganye watoto na jiji la Detroit, kama haikuthibitishwa kwamba wilaya hizo zenyewe zilibagua. Tangu hapo mstari wa wilaya ya shule umekuwa ukuta. Anayehama mtaa mmoja amehama shule, kodi, na thamani ya nyumba yake.

---

Mhasibu wa Kitaa

Sasa hapo naanza kumuelewa gavana. Kama mipaka midogo ndiyo inayowalinda matajiri, si bora kuivunja?

---

Kijana wa Usangi

Ingekuwa Michigan au Tennessee ningesema ndiyo. Vermont ule ukuta wa fedha ulibomolewa 1997, mfuko ni mmoja. Tajiri wa Stowe analipia mtoto wa Winooski tayari. Kinachobaki ndani ya mpaka wa Vermont ni uamuzi.

Niwape mfano wa karibu. Roxbury, kijiji cha watu mia sita na kitu, ukipanda barabara ya 12A kusini mwa Montpelier. Chini ya ile Sheria 46 waliungana na Montpelier mwaka 2018. Walikuwa na shule yao ya msingi, ndogo, nzuri. Bodi mpya ilikuwa na wajumbe wachache wa Roxbury, wengi wa Montpelier, kwa sababu ndivyo idadi ya watu ilivyo. Hakuna aliyefanya hila. Machi 2024 bajeti ya wilaya ikakataliwa kwenye kura, bodi ikatafuta pa kukata, na shule ya Roxbury ikafungwa mwaka huohuo. Watoto sasa wanapandishwa basi mpaka Montpelier, kama kilomita 25. Fungua hesabu za bodi, utaona uamuzi una mantiki kabisa. Ukiwa mzazi wa Roxbury, unajua kwamba kama kura ingekuwa ya mji wenu, shule ingekuwapo na kodi yenu ingepanda, na mngeamua wenyewe kama mnaimudu.

Na walioamua kujitoa nao waliona moto. Ripton, mlimani juu ya Middlebury, walipiga kura mwanzoni mwa 2021 wajitoe kwenye wilaya yao ili wainusuru shule. Wakaruhusiwa. Kumbe shule pekee haitoshi: nani atawapa mkurugenzi, elimu maalumu, mabasi? Wakatafuta ofisi ya kuwapokea, kila mlango unafungwa. 2022 wakarudi walikotoka. Kwa hiyo mimi si mtu wa "kila kijiji na bodi yake". Mji wa watu mia tano hauwezi tena kubeba mzigo wa kisheria wa shule ya leo.

---

Mhasibu wa Kitaa

Basi suluhisho lako ni lipi? Maana umepiga pande zote.

---

Kijana wa Usangi

Nimelisema kwenye kikao cha hadhara, nalisema hapa. Unganisha, lakini andika ndani ya sheria kwamba shule ya msingi haifungwi bila kura ya mji ilipo. Mji ukikataa kuifunga, ubebe wenyewe kinachozidi gharama ya wastani. Baadhi ya makubaliano ya kuungana chini ya Sheria 46 yalikuwa na ulinzi wa namna hiyo, mengine yaliulinda mji miaka michache ya mwanzo tu, kisha bodi inabaki huru. Isiachwe kwa makubaliano ya watu waliochoka saa nne usiku. Iandikwe.

Na sekondari, zipangwe kikanda, hata kwa lazima.

Wengine watauliza habari za zile shule binafsi zinazolipiwa na umma. Ndiyo, zipo. Tangu 1869 mji usio na shule unamlipia mtoto aende shule ya jirani au hata ya binafsi, kama St. Johnsbury Academy au Burr and Burton ya Manchester. Sheria 73 imezibana: lazima iwe ndani ya Vermont, na angalau robo ya wanafunzi wake wawe waliolipiwa na umma. Ramani ikichorwa upya hapo kuna vita nyingine, kwa sababu ukiunganisha mji wenye shule na mji usio na shule, wazazi wa huo wa pili wanaweza kupoteza hiari yao. Kuna watu wanaopinga ramani kwa sababu hiyo tu, halafu mbele ya kipaza sauti wanazungumzia basi na matope. Matope yangu wameyaazima.

---

Chuma cha Tanga

😂😂 Matope yameazimwa.

Ila nisaidie, kuna jimbo lolote lililolazimisha likafanikiwa?

---

Kijana wa Usangi

Inategemea unamuuliza nani. Arkansas, 2004. Mahakama yao ilisema mfumo wa fedha ni kinyume cha katiba, gavana wa wakati ule Mike Huckabee akataka wilaya zenye wanafunzi chini ya 1,500 ziunganishwe, Bunge likashusha mpaka 350. Ukikaa chini ya 350 miaka miwili mfululizo unaunganishwa, utake usitake. Makumi ya wilaya yalifutwa. Sehemu iliyoniuma: kesi ile ilifunguliwa na wilaya ndogo ya watu weusi iitwayo Lake View, huko deltani, wakidai watoto wao wanapunjwa. Walishinda kesi, na sheria iliyozaliwa na ushindi wao ikaifuta wilaya yao wenyewe, wakaunganishwa na Barton-Lexa. Miaka kumi na moja baadaye Bunge likalegeza, wilaya ndogo zikaruhusiwa kuomba kubaki.

---

Mwalimu Mstaafu

Kijana, pendekezo lako la kura ya mji lina tobo. Mji wenye watu wazee wasio na watoto shuleni utapiga kura shule ifungwe ili kodi ishuke. Vermont ni kati ya majimbo yenye wazee wengi kwa uwiano. Kura ya mji haimlindi mtoto moja kwa moja.

---

Kijana wa Usangi

Kweli Mwalimu, na wapo wa hivyo. Lakini nimekaa kwenye mikutano ya mji, ile ya kunyoosha mkono, inafanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, akina mama wa chama cha wazazi wanauza supu mlangoni. Mzee anayesimama kuuliza kwa nini bajeti ya mafuta imeongezeka ndiye huyohuyo ukimwambia tuifunge shule anakuwa mbogo, kwa sababu alisoma hapo, na mkutano wenyewe tukiifunga tutafanyia wapi? Nina imani zaidi na mzee huyo kuliko na bodi inayokaa kilomita arobaini. Hapo tutatofautiana.

---

Binti Uvira

Mimi nataka kujua cha kufanya. Bunge likianza Januari, mtu kama mimi anaweza kusema kitu? Kiingereza changu ni cha kazini tu.

---

Kijana wa Usangi

Unaweza, dada. Kamati za elimu za Bunge na Seneti zinapokea maoni ya maandishi, na wabunge wa huku hawana walinzi wala foleni; unamwandikia barua pepe, anajibu mwenyewe. Andika kwa Kiswahili, yule anayewapigia simu shuleni au mtu mwingine mnayemwamini atafsiri, na uombe kitu kimoja tu: wilaya yoyote mpya itakayoimeza Winooski iandikiwe kwamba waliokuwa na haki ya kura ya shule wanaendelea nayo. Usiwaeleze mambo kumi.

Na bajeti ya mwaka huu bado ni ya Winooski yenyewe. Kura ni Jumanne, Machi 3. Kama umehama nyumba tangu mwaka jana nenda ofisi ya karani wa mji ubadilishe anwani mapema. Wana daftari la wapiga kura wasio raia peke yake, kwa hiyo sema mlangoni kabisa kwamba uko kwenye daftari hilo, wasije wakakuandika kwenye lile la uchaguzi wa kitaifa. Hilo la kitaifa usiliguse kabisa, litakuharibia uraia.

---

Binti Uvira

Nimehama Septemba. Kesho niko off, nakwenda.

---

Chuma cha Tanga

OP Bunge likianza usitutupe, rudi na ramani.

---

Kijana wa Usangi

Kama itakuwapo. Nawahi kulala wakuu, basi linatakiwa lipashwe moto alfajiri na leo usiku ni hasi 19.